Makazi: Kambi

Barua ya idara ya magereza ilikuwa na mistari minne tu. Profesa aliisoma polepole, kama daktari anayemsomea mgonjwa majibu ya maabara, kisha akaiweka mezani na kuisukuma upande wa pili kwa kidole kimoja.

"Wamekataa," alisema. "Aliyewahi kutumikia kifungo haingii gerezani kama mtafiti."

Mwanamke aliyeketi mbele yake alikuwa na miaka arobaini na sita. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na mwaka wa pili sasa alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika idara inayochunguza mahakama na magereza. Kila mtu alimwita Karani. Jina hilo alilipata gerezani, alikokaa miaka minane akiwaandikia wenzake rufaa na barua za nyumbani. Kosa lake alilifanya, akahukumiwa, akalitumikia likaisha. Hakulikana, na wala hakuwa na kawaida ya kumsimulia kila aliyetaka kusikia.

"Kwa hiyo nilipokuwa sitaki kuingia walinisukuma ndani," alisema. "Leo naomba mwenyewe, wananifungia nje."

Profesa alicheka, kisha akaona haya kwa kucheka. Alikuwa mtu mwema, lakini wema wake ulikuwa wa kutembea pembeni mwa ukuta. "Kuna njia. Tutatuma vijana wawili wa idara yetu. Wewe utawapa maswali, wao watakuletea takwimu. Swali lako ni moja tu, si ndiyo? Watoto wangapi waliishi na mama zao katika gereza lile la wanawake kwa ile miaka kumi uliyoichagua."

"Ndilo hilo."

"Basi halihitaji uwepo wako."

Vijana walikwenda, wakapokewa kwa soda, wakarudi na picha za daftari la lango. Idadi: thelathini na mmoja.

Karani aliangalia zile picha kwenye kompyuta ya Profesa mpaka macho yakamuuma. Mwandiko ulikuwa safi, mihuri ilikuwa mahali pake.

"Hii si kweli," alisema. "Mwaka wangu wa kwanza tu, bweni letu peke yake lilikuwa na watoto tisa."

"Kumbukumbu hudanganya."

"Profesa, daftari la lango huandika anayepita langoni. Mtoto aliyekuja mgongoni mwa mamake anaandikwa. Aliyezaliwa humo ndani hakupita lango lolote. Ataandikwa na nani, na lini?"

Profesa alivua miwani. Alikuwa amefundisha somo la takwimu za magereza kwa miaka kumi na minane na hajawahi kujiuliza swali hilo.

"Wale waliozaliwa ndani waliandikwa kwenye daftari la maziwa," Karani aliendelea. "Daftari la jalada la kijani. Waombeni hilo."

Waliliomba. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, mstari mmoja: daftari la aina hiyo halipo na halijawahi kuwepo.

"Halijawahi kuwepo!" Karani alisema. "Miaka mitano nililiandika mimi kila asubuhi kabla ya uji. Labda na mimi sijawahi kuwepo."

*

Nyumbani waliishi watatu: Karani, mamake mzazi, na bintiye wa miaka ishirini na mmoja. Nyumba ilikuwa vyumba viwili na ukumbi, na ukumbi ulikuwa wa cherehani. Vipande vya sare vilitapakaa kila mahali, kola kwenye kiti, mifuko ya suruali juu ya redio. Vitabu vya chuo vilipangwa chini ya meza ya kukatia, na mgeni akija Bibi huvifunika kwa kitambaa, si kwa aibu, bali kwa kuogopa vumbi.

Jumamosi hiyo binti alikuwa akitafuta vyeti. Alikuwa msaidizi katika duka la dawa, na chuo cha ufamasia kilikuwa kimemwita. Kilitaka picha mbili, cheti cha shule na kadi ya chanjo za utotoni.

"Nani anatunza kadi ya chanjo miaka ishirini?" alilalamika.

"Mimi," Bibi alijibu toka chumbani. "Nyinyi mnatunza risiti za simu. Mke mwenzangu, njoo uniinulie godoro hili, mgongo wangu umeshagoma tangu jana."

Kadi ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, imekunjika katikati, rangi yake ya pinki imegeuka kama ya chai. Binti aliikunjua juu ya cherehani. Karani alikuwa akitia uzi. Akatupa jicho tu, kisha akaacha uzi.

"Nipe nione."

Chini ya jina la mtoto na jina la mama palikuwa na mstari wa makazi. Kwenye mstari huo mtu aliandika kwa kalamu ya bluu neno moja: Kambi.

Siku ile ilimrudia yote. Mtoto wa wiki sita mikononi, askari wa kike amesimama nyuma yake, foleni ya akina mama wengine wakisogea pembeni kana kwamba pingu zinaambukiza. Nesi akauliza, makazi wapi? Karani akainama akavuta shuka la mtoto. Nesi akamtazama mtoto, akamtazama askari, akasema kwa sauti ya chini, "Nitaandika Kambi. Mtoto huyu atakuja kuibeba kadi hii shuleni."

"Mama, una nini?" binti aliuliza.

"Wote walipelekwa pale," Karani alisema, akimtazama Bibi badala ya binti. "Watoto wote. Gereza halikuwa na chanjo. Wote walipelekwa kituo kile kile cha afya."

*

Nesi mkuu wa kituo cha afya alikuwa mnene, mchangamfu, na hakupenda watafiti. Alisema huja na kalamu za bure na hawarudi na majibu. Lakini Karani alipotaja lile neno, alifunga mlango wa ofisi.

"Nani amekuambia habari ya Kambi?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimembeba mmoja wao."

Nesi alirudi kitini. "Aliyenitangulia ndiye aliyenifundisha. Wakija na askari, usiandike Gereza, andika Kambi. Mtoto hana kesi. Hakuna mtu wa nje anayejua maana yake. Hata wizara ikija kukagua hudhani ni kambi ya wajenzi wa barabara."

Kibali cha wilaya kilichukua mwezi. Kisha kwa siku sita Karani alikaa stoo, juu ya boksi la glavu, na madaftari ya kadi mpya. Hayo ndiyo aliyoyataka, kwa sababu kila mtoto huandikwa humo mara moja tu, siku anayopewa kadi. Kurasa nyingine zilikuwa zimeliwa na mchwa pembeni, lakini mchwa walianza kwenye tarehe, wakaacha makazi. Alipitisha rula mstari kwa mstari. Kila alipokuta Kambi aliandika namba kwenye daftari lake. Jioni alirudi kushona, maana shule zilikuwa karibu kufunguliwa na wazazi hawajui tasnifu, wanajua kaptula.

Aliwatafuta pia wanawake waliokuwa ndani miaka ile. Kumi na wawili walikubali kumwonyesha kadi za watoto wao. Mmoja alimkaribisha hadi sebuleni, mwingine alitaka wakutane nyuma ya kituo cha mafuta ili mume asijue. Kadi zote kumi na mbili ziliandikwa Kambi.

Siku ya sita alijumlisha. Themanini na wanane.

*

Alimngoja binti arudi kazini, akamwekea chakula, akamwacha ale ashibe. Kisha akaweka karatasi mbili pembeni mwa sahani.

"Hii nini?"

"Fomu ya ridhaa. Umo kwenye daftari la kituo. Nataka kukuhesabu."

Binti aliitazama fomu, akamtazama mama. "Umeniletea fomu? Mimi mwanao?"

"Kwa sababu ni mwanangu. Wale wengine kwangu ni mistari tu kwenye daftari, hakuna atakayejua ni akina nani. Wewe, mtu akijua mimi nilikuwa ndani miaka ile na nina binti wa umri wako, amekujua. Ndiyo maana nauliza."

"Na nikikataa?"

"Umekataa."

Binti alisukuma sahani. Alikuwa na tabia ya kuongea polepole anapokasirika, kama anayepima dawa. "Mama, dukani nikikosea chenji mwenye duka anacheka, anasema nimechoka. Siku akijua nilikozaliwa, nikikosea chenji atahesabu droo. Nimetumia maisha yangu yote kujifunza kusema 'nilizaliwa hospitali ya wilaya' bila kupepesa macho. Chuo kinafunguliwa mwezi ujao. Sitaki kuwa kielelezo chako. Sitaki kuwa hata namba."

Bibi alifungua mdomo. Karani alimzuia kwa mkono.

"Basi hutakuwa," alisema.

Alichukua daftari lake la utafiti, akatafuta ukurasa, akaweka rula na kupiga mstari mmoja. Jumla akaiandika upya: themanini na saba. Binti aliona yote hayo, akaenda kulala, na kwa wiki nzima ndani ya nyumba ile kilichozungumza zaidi kilikuwa cherehani.

*

Siku ya kutetea tasnifu walikuwa wanne mezani. Mwenyekiti alikuwa mkuu wa kitivo. Profesa alikaa kushoto kwake. Kulia alikaa Kamishna kutoka idara ya magereza, aliyealikwa kwa kuwa utafiti uligusa idara yake. Alivaa suti, lakini mgongo wake ulikuwa bado umevaa gwanda. Mtahini wa nje alikuwa mwanamke mzee, jaji mstaafu, aliyesoma kila ukurasa na kubandika vipande vya karatasi ya njano kila alipotaka kuuliza. Chupa za maji zilikuwa nne. Karani aliyekuwa anaongea hakupewa.

Alizungumza dakika ishirini bila kusoma. Daftari la lango: thelathini na mmoja. Madaftari ya kituo cha afya: themanini na saba. Alieleza neno Kambi, alieleza kadi kumi na mbili, alieleza maneno ya nesi. Kisha akasema kilichomleta pale: "Chakula, dawa na blanketi za watoto gerezani hupangwa kwa idadi ya daftari la lango. Zaidi ya nusu ya watoto hawakuwa na uji wao. Walikunywa wa mama zao. Haya ndiyo matokeo ya sura ya nne."

Kamishna hakufungua tasnifu iliyokuwa mbele yake. "Kabla hatujafika kwenye namba. Mtahiniwa alifungwa kwa kosa gani?"

Profesa alianza kupanga kalamu zake.

"Swali hilo halimo kwenye tasnifu," Karani alisema.

"Lina uhusiano na uaminifu wako."

"Kosa langu liko kwenye faili la mahakama, Afande, na nyinyi faili zenu mnazitunza vizuri zaidi kuliko madaftari ya maziwa. Kalisome. Mimi nimekuja kujibu habari za watoto."

Jaji mstaafu aliinamisha kichwa ili kuficha mdomo.

"Wewe una maslahi," Kamishna alisema, sauti ikipanda. "Una uchungu na idara. Huwezi kuichunguza nyumba uliyofungiwa."

"Nina maslahi. Nimeyaandika ukurasa wa tatu, aya ya pili: mtafiti aliishi katika gereza hili miaka minane. Aliyeandika daftari la lango naye alikuwa na maslahi, kwa sababu mtoto asiyeandikwa haombewi bajeti. Yake yameandikwa ukurasa gani?"

Walimtoa nje wakajadiliane. Alikaa kwenye benchi la korido dakika arobaini, karibu na ndoo ya kupigia deki, na wanafunzi wadogo wakapita wakimwita shangazi na kumuuliza vyoo viko wapi. Alipoitwa tena, Mwenyekiti alikuwa na tabasamu la mtu anayeuza kitu.

"Kazi nzuri sana. Jopo liko tayari kukupitisha leo hii. Marekebisho ni madogo. Katika sura ya nne, penye neno 'matokeo', utaweka 'madai'. Madai ya waliokuwa wafungwa. Hayo tu."

Profesa alimkazia macho, akamwomba kwa macho hayo akubali.

"Hapana," Karani alisema.

"Tafadhali fikiri."

"Nimefikiri. Vijana wenu walileta picha za daftari moja, mkayaita matokeo. Mimi nimesoma madaftari manne stoo, nikalinganisha na kadi kumi na mbili. Kama ya kwangu ni madai, basi na ya kwenu yaandikwe madai. Tukikubaliana hapo, naleta kalamu."

Jaji mstaafu alibandua kipande kimoja cha njano. "Mwenyekiti, mimi nilikuwa nahukumu wanawake. Niliambiwa mle watoto ni wachache mno, nikahukumu nikijua hivyo. Sitatia sahihi neno lolote, liwe hili au lile, kabla sijayaona hayo madaftari kwa macho yangu. Ahirisha."

Kwenye korido Profesa alimfuata Karani karibu akimbie. "Neno moja! Umekataa shahada kwa neno moja!"

"Kama ni moja tu, Profesa, mbona wao hawakuliacha?"

*

Jaji alikuja stoo na miwani miwili na mto wa kukalia. Kamishna alimtuma ofisa wake kijana aje kushuhudia. Nesi aliwaletea stuli. Karani hakuruhusiwa kugusa daftari. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuulizia mgonjwa.

Jaji alihesabu kwa kidole, akahesabu tena kwa penseli. Saa saba mchana akainua uso.

"Umeandika themanini na saba. Nimepata themanini na wanane. Mara mbili."

Ofisa kijana aliandika haraka kwenye kidaftari chake. Hakuficha furaha. "Kwa hiyo hesabu yenyewe ina kasoro."

"Umemruka nani?" Jaji aliuliza.

Karani aliyatazama madaftari. Sekunde moja ingetosha. Angesema tu, ni mwanangu, na mambo yangeisha pale pale.

"Kuna mmoja sikumhesabu. Aliombwa ridhaa, akakataa."

"Hawa wengine themanini na saba uliwaomba?"

"Hapana, Mheshimiwa. Hawa hawawezi kutambulika. Huyo mmoja angetambulika."

"Ni nani?"

"Siwezi kusema."

"Unaelewa kwamba kwa jopo hili litakuwa kosa la hesabu? Kamishna atasema aliyekosea kuhesabu mmoja anaweza kukosea hamsini."

"Naelewa."

"Na bado husemi?"

"Mheshimiwa, watoto hawa walishaandikwa wengi bila kuulizwa, na wengi waliachwa bila kuulizwa. Huyu aliulizwa, akajibu. Nikimtaja leo kwa sababu nataka shahada, nitakuwa nimefanya nini tofauti na wale maofisa niliowaandika kwenye tasnifu?"

Jaji alifunga daftari. Jopo lingekaa tena Alhamisi.

*

Bibi ndiye aliyetoboa siri ya yaliyotokea stoo. Karani alikuwa ameenda kupeleka sare, na aliporudi aliwakuta wameketi, binti bado na koti jeupe la dukani.

"Nimemwambia," Bibi alisema. "Unigombeze ukipenda. Mimi sikutia sahihi fomu yoyote."

"Mama!"

"Mama nini? Unaanguka kwa ajili ya mmoja, na huyo mmoja anakula hapa kila siku bila kujua?"

"Alikuwa na haki ya kutojua."

"Acheni kwanza," binti alisema. Alikuwa anaongea polepole, lakini safari hii hakuwa na hasira. "Jana alikuja mwanamke dukani na mtoto wa miaka miwili hivi. Alitaka dawa ya kikohozi. Nikamwambia nione kadi nijue uzito wake. Kadi mpya kabisa, Mama, ya mtu aliyetoka juzi tu. Makazi: Kambi."

Karani alikaa kwenye kiti cha cherehani.

"Mwenye duka akaiangalia naye, akasema, 'Kambi gani tena, kwani barabara bado haijaisha?' Akacheka. Yule mwanamke akacheka pia, kicheko kile kile ninachokicheka mimi. Nikajua duka zima, mimi na yeye tu ndio tunaelewa. Yule mtoto alikuwa mwembamba mno kwa umri wake. Nilimpimia dozi ya mtoto wa mwaka mmoja." Alifungua vifungo vya koti. "Nilitaka kumwambia kitu yule mama. Nikakosa cha kumwambia. Nikampa risiti."

Bibi aliokota kola iliyoanguka, akaikunja, akaikunjua.

"Alhamisi saa ngapi?" binti aliuliza.

"Si lazima uje. Sitaki uje kwa kunihurumia."

"Sikuhurumii. Nimekukasirikia bado. Saa ngapi?"

"Saa nne," Bibi alisema. "Na mimi nakuja. Nimeshapiga pasi."

*

Alhamisi Kamishna alikuwa tayari amefungua tasnifu, kwenye ukurasa wa jumla, na kalamu nyekundu juu yake. Alieleza kwa kirefu. Mtahiniwa ameshindwa kuhesabu mistari ya daftari alilolichagua mwenyewe. Ameshindwa kumtaja mtu aliyemruka. Idara haiwezi kujibu namba za kubuni. Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa huzuni iliyotayarishwa tangu asubuhi.

"Mtahiniwa ana la kusema?"

"Nililolisema stoo," Karani alijibu. "Yupo mmoja aliyekataa. Sikumhesabu. Namba yangu ni sahihi kwa kanuni zangu, na kanuni hizo nilifundishwa humu humu kwenye kitivo hiki, na mtu aliyeketi hapo." Akamwonyesha Profesa.

Profesa aliona wote wamemgeukia. Kwa mara ya kwanza katika kesi ile yote aliacha kalamu zake. "Ni kweli," alisema. Akakohoa. "Ni kweli kabisa. Angemhesabu kinyume cha ridhaa, mimi mwenyewe ningemwangusha. Sioni kosa hapa. Naona kazi iliyofanywa vizuri kuliko tunavyoifanya sisi."

Nyuma ya chumba kiti kilisogezwa. Binti alikuwa amesimama. Alishika mkoba wake mbele yake kwa mikono miwili.

"Wa themanini na nane ni mimi," alisema. "Nilizaliwa mle ndani. Nilikaa miaka minne. Huyu ni mama yangu, aliniomba ruhusa nikamkatalia, akanifuta kwa rula mbele ya macho yangu. Nilidhani amefanya vile ili nione vibaya. Kumbe ndivyo kazi yake ilivyo."

Bibi, aliyeketi pembeni yake, alinyoosha mgongo kana kwamba anapigwa picha.

Kamishna alichukua kalamu. "Jina lako nani?"

Binti alimtazama bila kupepesa. "Litafute kwenye daftari lenu la lango, Afande. Miaka minne nililala kwenu. Ukilipata, niite, nitaitika."

Kamishna alibaki na kalamu hewani. Jaji mstaafu alianza kubandua vile vipande vyake vya njano, kimoja kimoja, akavipanga ukingoni mwa meza mpaka tasnifu ikabaki haina hata kimoja. "Mimi sina swali tena," alisema. "Neno ni matokeo. Atakayetaka liwe jingine aandike sababu zake, atie sahihi, na mimi nitaziambatanisha na ripoti yangu kwenda wizarani."

Hakuna aliyeandika. Kamishna alisema idara yake haitambui namba hizo, akakusanya karatasi zake, akatoka bila kuaga. Nje alisikika akipiga simu na kuuliza nani anashughulika na watoto wa gereza la wanawake, na sauti yake ilionyesha kwamba hakupata jibu.

Mwenyekiti alisoma uamuzi: amefaulu. Akasita. "Kwa kuwa huyu binti amejitaja, nadhani sasa namba unaweza kuibadilisha. Themanini na wanane."

"Bado," Karani alisema.

"Bado nini tena?"

"Kusema mbele ya watu kwa hasira si ridhaa."

Watu walipotoka alitoa karatasi mbili kwenye mfuko wake, zile zile zenye doa la mchuzi pembeni, akazilaza mezani na kumvutia binti kiti kilichokuwa cha Kamishna. Binti alitafuta kalamu.

"Usitie sahihi. Soma kwanza."

"Mama, najua kilichoandikwa."

"Hujui. Soma."

Binti alisoma kama anavyosoma karatasi ya dawa, kidole chini ya kila mstari. Kwenye kifungu cha sita alisimama.

"Hapa wanasema naweza kujitoa wakati wowote. Hata ukishakuwa na shahada yako?"

"Hata siku hiyo. Nitachapisha upya kwa themanini na saba."

"Kurasa zote?"

"Kurasa zote."

"Kwa pesa ya nani?" Bibi aliuliza kutoka nyuma.

Binti aligeuza ukurasa wa pili. Mhudumu wa kitivo aliingia na funguo, akaanza kuzima taa upande wa dirishani, akasema samahani, chumba kinafungwa, kuna kikao kingine cha wakubwa.

"Wasubiri," Karani alisema, bila kuinuka. "Kuna mtu anasoma."